Mstari wa Kumi na Saba

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Juni, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, nilibonyeza kitufe kilichoandikwa "Sielewi". Nilikuwa nasema uongo. Neno lililokuwa mbele yangu kwenye skrini nililielewa kuliko maneno mengine yote ya orodha ile, na ningelisoma hata kama lingeandikwa kwa mkaa ukutani.

Msomaji atanisamehe kwa kutaja dakika. Nilijiunga na darasa la ngumbaru huko Waithaka, pembezoni mwa jiji, nikiwa na umri wa miaka thelathini na sita, miezi saba baada ya kumzika mume wangu, na mwalimu wetu alitufundisha kuandika tarehe juu ya ukurasa kabla ya jambo lingine lolote. Kwa wiki mbili za kwanza, tarehe ndiyo iliyokuwa kitu pekee nilichoweza kuandika bila kunakili ubaoni. Tangu hapo sijaandika ukurasa usiokuwa nayo. Mtihani wa darasa la nane niliufanya nikiwa na miaka arobaini, na ule wa kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na minne, mwaka uleule ambao mwanangu wa pekee alifanya wake. Alinishinda kwa hesabu. Nilimshinda kwa Kiswahili, na sijamruhusu asahau.

Kazi niliyokuwa nikiifanya asubuhi ile ni hii. Kampuni yetu iko katikati ya jiji, ghorofa ya sita, na inatengeneza mashine ya kuita wagonjwa hospitalini: mgonjwa anajiandikisha, anakaa, kisha sauti inamwita kwa majina yake kamili na kumwambia aende chumba gani. Hospitali iliyotuagiza ilitaka sauti ya mama mtu mzima, isiyomtisha mgonjwa. Tulichaguliwa wanawake wawili kusoma majina kwenye chumba cha kurekodia, mimi na mwenzangu ambaye ukoo wake ulikuwa na mashamba Waithaka kabla jiji halijafika huko. Mwisho wa Julai mmoja wetu angepewa kazi ya kuwa sauti ya majina.

Niliitaka kazi hiyo kwa moyo wote, na sababu yake si siri. Miezi miwili kabla mume wangu hajafariki, siku ya Alhamisi, tulikaa kwenye benchi la hospitali moja tangu saa tatu hadi saa sita mchana. Jina lake liliitwa mara tatu, na mara zote tatu lilitamkwa vibaya kiasi kwamba hakuna aliyejua anaitwa nani. Yeye alikuwa amesinzia kwa homa. Mimi nilishika kadi yake mkononi; sikuweza kuisoma. Nilihisi huenda tumeitwa, lakini nilipofika dirishani wakaniuliza jina lake la ukoo, nilishindwa kulisema, nikabaki kuinyoosha ile kadi kama bubu. Sisemi kwamba saa zile tatu ndizo zilizomuua. Daktari alisema hapana, nami namwamini. Ninasema tu kwamba nilipoambiwa kuna mashine itakayoita watu sawasawa, nilijua sauti yake iwe ya nani.

Kwa nini sikuweza kusema jina pale dirishani? Kwa sababu jina la ukoo la mume wangu lilikuwa jina la baba yake, na kwetu magharibi mwa nchi mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Si woga, na wala si ushirikina. Ni kama vile mtu haingii chumba cha kulala cha mkwewe, hata mlango ukiwa wazi, hata nyumba ikiwa tupu. Baba mkwe wangu nilimwita "Baba", na alipohitaji kutofautishwa na akina baba wengine nilimwita "mwenye boma". Nilipokuwa mjamzito alinipa kiti chake, akatoka akasimama chini ya upenu akijifanya anatazama kama mvua itanyesha. Hakukuwa na wingu. Mtu kama huyo hahitaji kulazimisha heshima. Alipofariki, heshima yake haikufariki. Mwanangu amerithi jina lake, kama ilivyo desturi, na kwa miaka ishirini na mitatu nimemwita mwanangu "Mzee".

Jina lenyewe ni la kawaida sana kwetu. Nusu ya wanaume wa kijiji wanalo. Kwa hiyo lilikuwa halina budi kutokea katika orodha, na lilitokea Jumatatu ile, mstari wa kumi na saba.

Programu yetu haikubali kimya. Usiposoma jina, unachagua sababu, na sababu zilikuwa nne tu: kelele chumbani, nimekosea, jina limeandikwa vibaya, sielewi. Nilizisoma zote nne mara mbili. Hakukuwa na kelele. Sikuwa nimekosea. Jina lilikuwa limeandikwa vizuri kabisa. Nikabonyeza ile ya nne, nikaendelea na mstari wa kumi na nane.

Jina lilirudi. Lilirudi na majina mengine mbele yake, na mengine nyuma yake, karibu kila siku ya kazi.

Jumanne ya mwisho ya Julai, saa nne asubuhi, msimamizi wetu aliniita mezani pake. Ni msichana wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye akili ya kukatisha tamaa, na wote ofisini huniita "Mum" kwa kumfuata yeye.

"Mum, nikuulize kitu?"

"Uliza."

Alinigeuzia skrini. "Hii jina hapa. Umeiruka mara thelathini na saba. Kila mara, sielewi. Na hayo mengine magumu, hata ya Turkana, umesoma poa kabisa."

"Naona."

"Si mbaya, Mum. Hata kwetu kuna majina hunishinda. Tuigawanye vipande, sawa? Nianze, halafu unifuate."

Akachukua kadi yake ya kazini, akafunika nusu ya jina pale kwenye skrini. Akasoma silabi ya kwanza. Akaningoja. Akairudia polepole, akiitikia kwa kichwa kunitia moyo.

"Hiyo ya kwanza ni rahisi. Ni kama unaita mtu ako mbali."

Nyuma yetu vijana wawili walikuwa wamevua vipokea sauti vyao masikioni. Hivyo ndivyo mwalimu wa ngumbaru alivyonifundisha, kwa kipande cha boksi la unga, akifunika herufi na kuzifunua moja moja, na katika maisha yangu hakuna kitu ninachojivunia kama kukiacha nyuma kile kipande cha boksi. Sasa nilikuwa nimerudi mbele yake, kwa hiari yangu, kwa uongo wa kidole changu mwenyewe.

"Leo koo halinisaidii," nikasema.

"Basi tusihangaike. Hata si lazima tena, mashine imeshajifunza. Skia."

Akabonyeza. Katikati ya ofisi, mchana kweupe, sauti yangu ilimtaja baba mkwe wangu. Haikuwa sauti ya kufanana na yangu. Ilikuwa yangu, na ule mkwaruzo wake mdogo mwishoni mwa neno ambao mume wangu alikuwa akiutania.

Nilisimama ghafla hata kiti kikagonga ndoo ya taka.

"Zima."

"Mum?"

"Zima, tafadhali."

Kosa langu lilikuwa la mtu aliyefanya kazi pale miaka miwili na ambaye alipaswa kujua. Mimi mwenyewe ndiye niliyezoea kuwaeleza wageni kwamba mashine yetu si kanda ya kaseti. Haihifadhi maneno, inajifunza jinsi kinywa kinavyounganisha sauti, na baada ya hapo inaweza kusema hata neno ambalo hujawahi kulisema. Niliwaeleza hivyo wageni. Lakini nilipofika kwenye jina lile, kwa wiki nane nzima, niliamini kwamba nisichokitoa hakiwezi kuchukuliwa.

Msimamizi aliniletea maji. Kisha, bila kujua alichokuwa akisema, akaongeza: "Na Jumamosi itaita watu wako. Si umeandikisha wawili? Mama mkwe na kijana."

Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimejitahidi kusahau. Kampuni yetu ina kanuni kwamba mashine haiendi kwa mteja kabla ya kujaribiwa na jamaa zetu wenyewe, kwa sababu hao ndio wasioogopa kutuambia ukweli. Wanajiandikisha kwa vitambulisho, wanakaa, wanaitwa. Mama mkwe wangu ana jina la mumewe kwenye kitambulisho. Mwanangu ana jina la babu yake. Wote wawili wangeitwa kwa jina lile, na sauti ya kuliita ingekuwa yangu.

"Nipe mpaka Ijumaa," nikamwambia.

"Ijumaa saa ngapi?" Alikuwa amekwisha kunijua.

"Saa tatu kamili."

Jumatano nilitoka kazini saa kumi na moja nikaenda mtaa wa Jamhuri, ambako mama mkwe alikuwa amefikia kwa binti yake ili ahudhurie kliniki ya macho. Nilimkuta sebuleni akichambua maharagwe kwa kuyapapasa. Gauni lake la Jumamosi lilikuwa limening'inizwa mlangoni, limepigwa pasi siku tatu kabla ya wakati.

"Mke wetu, umekuja kuniambia safari imevunjika," alisema kabla sijaketi. "Naona usoni."

"Mama, daktari si amekukataza kuyachosha hayo macho?"

"Hiyo sura yako haihitaji macho. Sema."

Nilimweleza. Ilichukua muda, kwa sababu hakuna neno la lugha yetu la mashine inayokisia. Alisikiliza huku akitupa mawe na maharagwe mabovu kwenye kifuniko cha sufuria.

"Kwa hivyo hiyo mashine ina sauti yako."

"Ndiyo, Mama."

"Na imemtaja mwenye boma."

"Imemtaja."

"Wewe ulikuwa umekaa ama umesimama?"

"Nilikuwa nimekaa."

Akasonya. "Angalau ungekuwa umesimama."

Sikuweza kujizuia, nikacheka, naye akacheka, mpaka akamwaga maharagwe machache mapajani. Kisha akayaokota.

"Manesi huniita kwa jina lake kila kliniki," akasema. "Hata yule wa kuuza taa za jua aliniita hivyo langoni, tena kwa kelele. Sijaanguka. Lakini hao hawakuolewa kwa mwanawe."

"Ndiyo maana nimekuja kukuuliza nifanye nini."

"Hapana. Umekuja nikupe ruhusa, ili ukiulizwa useme ni mimi. Siku ile uliponiambia unaenda kuketi na watoto wa watu darasani, uliniuliza?"

"Sikukuuliza, Mama."

"Nikanuna mwezi mzima."

"Wiki saba."

"Ona! Na umezihesabu." Akarudia maharagwe yake. "Jumamosi nakuja, nguo iko tayari. Ila nikiitwa kwa sauti yako, sitaitika. Nitakaa hapo mpaka wafunge ofisi."

Maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani Waithaka. Niliona waziwazi mtu mwingine wa nyumba yetu akiwa kwenye benchi, jina lake likiitwa, naye hainuki. Safari hii mwitaji angekuwa mimi.

Alhamisi nilifanya kazi yangu kama kawaida na kufikiri. Ningeweza kulitamka jina, mara moja, ndani ya chumba kisichotoa sauti, na hakuna ambaye angejua ila mimi. Ningeweza pia kuwaandikisha jamaa zangu kwa majina yao ya ubatizo tu, nikalificha jambo lote. Njia zote mbili zilikuwa rahisi, na zote mbili zingeacha yale maandishi thelathini na saba kwenye kumbukumbu za kampuni: sielewi, sielewi, sielewi, yenye jina langu pembeni.

Ijumaa saa tatu kamili nilisimama mbele ya meza ya msimamizi. Nilikataa kuketi.

"Jina lile ninalijua," nikasema. "Ninalijua kuliko jina langu. Ni la baba mkwe wangu, na mwanamke wa kwetu hatamki jina la baba mkwe wake. Sikushindwa kulisoma. Nilisema uongo mara thelathini na saba, na nimekuja kuurekebisha."

Alinitazama mdomo wazi. "Mum! Na mimi nikakufunikia herufi na kadi?"

"Ulinifunikia."

"Ai, woiye. Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu kati ya majibu yale manne hakuna lililokuwa langu, nami nimezoea kufanya mtihani jinsi ulivyoletwa. Naomba mambo mawili. Kile kipande mashine ilichokisia kifutwe. Na kiwekwe kitufe cha tano."

Alifikiri. Ni mtu mwaminifu, na alinijibu kwa uaminifu. "Kufuta ni haki yako, sauti ni yako. Kitufe, leo hii naweza kukiongeza. Lakini sauti ya majina haiwezi kuwa na shimo, Mum. Ukiacha jina moja, inabidi nimpe mwenzako yote."

"Najua."

"Na uliitaka sana. Nilikuwa nimeshaandika jina lako."

"Naitaka hata sasa."

Aliizungusha kalamu yake. Nami nilikuwa nimekaa na jambo hilo usiku kucha, na sikuwa nimekuja mikono mitupu.

"Mashine ikishamwita mtu jina," nikamwambia, "husema maneno mengine. Tafadhali nenda chumba namba fulani. Keti hapa. Ngoja kidogo. Hayo ni ya nani?"

"Bado hatujaamua."

"Nipe hayo."

Jumamosi walikuja kabla ya saa tatu. Mwanangu, ambaye ni fundi wa umeme, alikuwa ameomba ruhusa kwenye nyumba wanayoitandikia nyaya Kitisuru, akamleta nyanya yake, ambaye humwita Kukhu, kwa lifti akimshika kiwiko. Mama mkwe alizungushwa ofisi nzima. Aliuliza kwa nini vijana wote wamevaa vitu masikioni kama wanaumwa na meno. Aliingia chumba changu cha kurekodia, akapapasa sifongo ya ukutani, akauliza kama ndimo ninamoshinda siku nzima. Nikasema ndimo. Akasema ni pasafi. Kutoka kwake, hiyo ni hotuba.

Kisha wakajiandikisha na kuketi pamoja na jamaa za wengine. Mimi nilisimama ukutani. Saa nne na dakika kumi, sauti ya mwenzangu wa Waithaka iliita majina yote matatu ya mama mkwe wangu, sawasawa, bila kuvunja hata silabi moja. Aliinua kichwa. Baada yake ikafuata sauti yangu: "Tafadhali nenda chumba namba mbili."

Hakuinuka.

"Huyo wa kwanza ni nani?" akauliza kwa nguvu.

"Ni mwenzangu, Mama."

"Anaita vizuri, ila kwa haraka, kama ameacha mboga jikoni. Na huyu wa pili anayeniamuru?"

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana sijaenda."

Ofisi nzima iliangua kicheko, na mwenzangu alicheka kuliko wote. Mama mkwe aliwaacha wamalize, akajinyoosha gauni, akasimama, akaenda chumba namba mbili kwa mwendo wake mwenyewe.

Msimamizi aliniita kwenye kompyuta yake. Kile kipande kilikuwa kinangoja kufutwa, na kwa kanuni zetu anayekifuta ni mwenye sauti. Mwanangu alinifuata, akasimama nyuma ya bega langu.

"Mathe, hiyo si ni jina yangu pia?"

"Ni yako, Mzee."

"Sijawahi skia ukiitaja."

"Wala hutasikia."

Alijikuna shingo. "Naeza iskia mara moja kabla ufute? Nitaweka hizi kwa masikio. Wewe hutaskia, na Kukhu ako huko ndani na hao wengine."

Nilitafuta mahali ambapo desturi ilikuwa imemkataza mtoto, nikaona haikumkataza yeye popote. Aliyekatazwa ni mimi. Nikampa vipokea sauti. Nilitazama vidole vyake, vyenye alama ndogo za nyaya, wakati akibonyeza. Alisikiliza. Akarudia mara ya pili. Akavua.

"Si wewe," akasema.

"Sauti ni yangu, Mzee."

"Sauti ni yako. Lakini haijui ni mimi inaita. Wewe ukisema tu 'Mzee', najua kama nimekosa ama chakula iko tayari."

Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikanionya kwamba kilichofutwa hakitarudi. Nikabonyeza ndiyo.

Jumatatu iliyofuata nilifika ofisini mapema, nikafungua daftari langu na kuandika tarehe juu ya ukurasa. Kitufe cha tano kilikuwa mahali pake, chini ya vile vinne, na maneno yake niliyatunga mwenyewe: "Nalijua, silitamki." Nilianza na maandishi ya mwisho, ya Julai, nikarudi nyuma siku baada ya siku, nikiyafungua moja moja na kuyasahihisha. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini nilipofika kwenye Jumatatu ya kwanza ya Juni, mstari wa kumi na saba. Nililisoma jina lote kimya, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kisha nikasimama, nikabonyeza.